Harufu Haipigi Hodi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja jioni hapa Tanga, mbele ya wastaafu wenzangu na vijana wa mitaa ya Ngamiani. Baadaye wengi waliniomba maandishi. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikiacha tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, assalaam alaykum, na wenzetu wa Tumsifu Yesu Kristo nanyi karibuni. Vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawaona. Nimefundisha baiolojia zaidi ya miaka thelathini, najua kwa nini mtu huchagua kiti cha mlangoni.

Kabla sijaanza, kuna kikopo kinapita hapo mbele. Kimefunikwa kitambaa. Ukikipata, fumba macho, nusa mara moja, mpe jirani. Usiniambie ni kitu gani. Niambie umefika wapi.

(Kikopo kilipita safu nne. Bibi mmoja wa safu ya pili alikaa nacho kuliko wenzake, kisha akasema: “Jikoni kwa mama mkwe. Nimekaa juu ya mkeka, ndiyo kwanza nimeletwa, sijui hata choo kiko wapi.” Kijana wa nyuma akadakia: “Mimi nipo kwa daktari wa meno, na mdomo uko wazi!” Ukumbi ukaangua kicheko.)

Haya. Ndani mna karafuu, punje tano, nimezisaga asubuhi. Bibi yetu amekwenda kwenye pilau ya ugeni wake, mjukuu wetu amekwenda kung'olewa jino, na wote wawili wamenusa kitu kimoja. Wala kijana hakufanya mzaha. Mafuta yanayoipa karafuu harufu yake huitwa eujenoli, na waganga wa meno huyatumia kwenye dawa za kuzibia. Watafiti waliwahi kuwanusisha watu eujenoli, wakaona kwamba wale wanaoogopa waganga wa meno miili yao hushtuka, ilhali wengine huona ni harufu nzuri tu. Kwa hiyo karafuu yenyewe haina furaha wala hofu ndani yake. Sisi ndio tulioitia.

Nilichokuja kuzungumza leo ni hicho: nani anatia, anatia wapi, na kwa nini harufu humfikisha mtu mbali namna ile, kabla hata hajajua anaondoka.

Tuanze puani. Harufu ni kitu, si hewa tupu. Ukipita jioni ukasikia pweza anachomwa, maana yake chembe ndogo mno za pweza yule zimeshaingia puani mwako. Hujamlipa muuzaji lakini umeshaanza kumla. Chembe hizo hupanda hadi juu kabisa ya tundu za pua, usawa wa katikati ya macho, ambako kuna utando wenye kamasi, ukubwa wake kama stempu ya barua. Hapo zimejipanga seli za kunusa kwa mamilioni. Kila seli ina kipokezi cha aina moja, na binadamu tuna aina zipatazo 400. Wamarekani wawili, Linda Buck na Richard Axel, ndio waliotangaza mwaka 1991 kwamba wamezipata jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Mtu atasema aina 400 ni chache kwa harufu zote za duniani. Bao lina mashimo 32 tu, na sijamsikia mzee yeyote wa barazani akilalamika kwamba michezo imekwisha. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa, hiki kwa nguvu, kile kwa mbali, na ubongo husoma mpangilio wa kete zote kwa pamoja.

Seli hizo zenyewe ni neva. Zimetokeza nje, zinaguswa na hewa, vumbi na moshi wa jikoni, ndiyo maana huchakaa upesi na mwili huzibadilisha kila baada ya wiki kadhaa. Mikia yake hupenya kuingia kichwani kupitia mfupa mwembamba wenye vitundu vingi, mfano wa kung'uto la kuchujia tui. Hapa nawaomba radhi waendesha bodaboda, lakini lazima niseme: kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo husogea na mikia ile hukatika palepale kwenye kung'uto. Mtu anapona kidonda, anatembea, anaongea vizuri, ila hasikii tena harufu ya chochote. Vaeni helmeti, na abiria mpeni yake.

Sasa tuingie ndani, maana huko ndiko kwenye jambo lenyewe.

Nyumba zetu za Kiswahili mnazijua. Mbele baraza, katikati ukumbi na vyumba huku na huku, nyuma uani. Mgeni hupiga hodi barazani, huulizwa ni nani na ametokea wapi, hupewa kiti. Lakini shangazi, au jirani aliyekuja kuomba moto, yeye hupita uani. Unamkuta tu ameshafunua sufuria. Kichwani ni hivyo hivyo. Unachokiona kwa macho, unachokisikia kwa masikio, unachokigusa kwa ngozi, vyote hupita kwanza kwenye kituo kiitwacho talamasi, katikati ya ubongo, vikapangwa ndipo vipelekwe mbele. Harufu haipigi hodi pale. Kutoka puani huingia kwenye vifundo viwili vidogo vya ubongo vilivyolala juu ya ule mfupa wa matundu, na kutoka hapo njia yake ni fupi: huifikia amigdala moja kwa moja, na eneo lililo mlangoni mwa hipokampasi.

Majina yasiwatishe. Amigdala ni neno la Kigiriki, maana yake lozi, kwa sababu kinafanana na lozi. Hapo ndipo hofu, raha na chuki hupata uzito wake. Hipokampasi nacho kimepewa jina la farasi wa baharini, kale kasamaki kenye kichwa cha farasi, kwa jinsi kilivyojikunja. Hicho hushona matukio kuwa kumbukumbu: mahali, watu, siku. Kwa hiyo harufu inapoingia uani inawakuta wawili hao jikoni wamekaa. Sehemu ya ubongo inayotafuta jina, inayosema “hii ni karafuu”, hupata habari baadaye. Ndiyo maana mtu anaweza kulengwalengwa na machozi sokoni, mbele ya gunia, kabla hajajua gunia lina nini.

Na kwa kuwa tuko Tanga, niwakumbushe Novemba 1914. Wanajeshi wa Uingereza, wengi wao Wahindi, walishuka hapa kupigana na Wajerumani, na katikati ya risasi wakavamiwa na nyuki. Nyuki anapochoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu ile, ajabu yake, inafanana na ndizi mbivu. Sidhani kama kuna askari aliyesimama kuinusa. Nyuki hahitaji kufundishwa maana yake, kazaliwa nayo. Sisi harufu nyingi tunafundishwa na maisha, na mara nyingi somo la kwanza ndilo linaloshika.

Lugha yetu yenyewe inajua kwamba harufu ina hisia. Hatuna kitenzi cha katikati. Kitu ama kinanukia ama kinanuka. Ukisema tu, umeshahukumu. Tena tuna shombo na vumba kwa samaki, uvundo kwa kilichooza, kikwapa kwa mnachokijua, riha kwa kinachopendeza. Waingereza wakitaka kusema vumba inabidi watumie maneno mawili au matatu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu Wajahai, watu wa misitu ya Malesia, ambao hutaja harufu kwa urahisi uleule wanaotaja rangi. Wazungu waliolinganishwa nao walibabaika. Nadhani wanawake wa Pwani wangefanya vizuri katika mtihani ule, ila huo ni upendeleo wangu.

Sasa niwaambie harufu yangu.

Baba yangu alifanya kazi korona. Vijana, tulieni, nasema korona ya mkonge. Ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi, singa, ndiyo iliyoitwa korona mkoa huu mzima tangu enzi za Mjerumani, na kiwanda kizima kikaitwa hivyo. Mkonge waliuleta wao mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Nyuma ya tani zile kulikuwa na takataka. Sehemu kubwa ya jani si singa, ni maji na nyama ya kijani, na vyote hivyo vilimwagwa nyuma ya korona vikachacha juani. Aliyepita karibu anaijua harufu ile. Ni majani mabichi yaliyooza, chachu ya togwa iliyoharibika, na kitu kingine kikali kinachokaa kooni. Wageni huziba pua.

Baba alirudi nayo. Maji ya mkonge yanawasha, kwa hiyo akifika alikwenda moja kwa moja bafuni uani na kipande cha sabuni ya mche, akajisugua mikono mpaka juu ya kiwiko. Mikono ilitakata. Harufu ilibaki kwenye ukosi wa shati. Shati alilitundika kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, kwa sababu mama hakutaka liingie ndani, na mimi, mtoto wa miaka mitano au sita, nilikuwa nakwenda kusimama chini yake. Sikuwa na shughuli yoyote pale. Nilisimama tu. Siku ya mshahara mfuko wa shati lile ulikuwa na halua iliyofungwa kwenye karatasi, na karatasi ilinuka mkonge, na halua ilinuka mkonge, na mpaka leo halua isiyo na harufu ile mimi naiona ina kasoro.

Hili la umri si langu peke yangu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uswidi, Johan Willander na Maria Larsson, waliwaita wazee wa miaka 65 hadi 80. Wengine waliwapa maneno, wengine picha, wengine harufu, wakawaambia: hiki kinakukumbusha nini? Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye ujana, kati ya miaka 11 na 20. Harufu iliwapeleka nyuma zaidi, kabla ya miaka kumi. Huko ndiko pua inakoweka akiba. Na huanza mapema mno: Uingereza, mwaka 1975, ilionekana kwamba kichanga cha siku sita hugeuza kichwa kufuata kitambaa kilichokaa kwenye titi la mama yake, akaacha cha mama mwingine.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea, hata waandishi wa magazeti. Husemwa kwamba harufu huleta kumbukumbu zilizo sahihi kuliko nyingine. Si kweli. Rachel Herz, mtafiti wa Marekani, amelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na alichokiona ni kwamba kumbukumbu iliyoletwa na harufu ina hisia kali zaidi. Usahihi wake ni uleule wa kumbukumbu nyingine, yaani wa mashaka.

Nami nina ushahidi nyumbani. Nikisikia harufu ya mkonge naona shati la baba, naona na mwembe nyuma ya msumari, kivuli chake kimeangukia ukuta. Ningeapa. Siku moja nikamsimulia kaka yangu mkubwa. Akanitazama, akaniambia: “Dada, mwembe ule nilipanda mimi mwenyewe, baba ameshaacha kazi korona.” Tulibishana mpaka chai ikapoa. Naamini yeye ndiye mkweli. Lakini mwembe haujaondoka. Nikinusa, upo.

Kwa hiyo mtu akikwambia “nakumbuka kabisa, mpaka harufu yake”, mwamini kwamba aliumia au alifurahi. Mengine muulize na ndugu zake.

Njia hii ya uani haichagui mgeni. Aliyepoteza mtu katika moto hushtuka na moshi wa jirani anayechoma takataka. Askari waliorudi vitani husumbuliwa na harufu ya dizeli au ya kitu kinachoungua, mwili unarudi uwanjani huku mtu amekaa sebuleni kwake. Mimi kuna dawa moja ya kusafishia sakafu ambayo hainunuliwi nyumbani kwangu, kwa sababu ya wodi moja na wiki moja, na sitaki kusema zaidi. Mkiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani msimwambie “acha utoto”. Ondoeni kile kinachonuka, fungueni dirisha, ndipo mzungumze.

Na wazee wetu wanaosahau. Katika maradhi ya Alzaima, moja ya sehemu zinazoanza kuharibika ni hilo eneo la mlangoni mwa hipokampasi, palepale inapopita harufu, na wagonjwa wengi hushindwa kutambua harufu hata kabla usahaulifu haujawa mkubwa. Maradhi ya Pakinsoni nayo huweza kuiondoa pua miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka. Si kila asiyesikia harufu ana maradhi hayo. Mafua tu yanatosha, na uzee wenyewe. Ila mzee akianza kula kitu kilichochacha bila kujua, mpelekeni akaonwe.

Mama yangu miaka yake ya mwisho aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Nilijibu, nikazoea. Alasiri moja wajukuu waliweka udi kwenye chetezo, kwa sababu zao tu, kulikuwa na panya amefia darini. Moshi ulipofika chumbani kwake aliinuka kitandani, akajifunga kanga yake vizuri, akauliza: “Leo anaolewa nani?” Tukamtajia jina la mjukuu. Akaanza kutoa maagizo: mchele kilo ngapi, nazi nani anakuna, mkeka mpya uko wapi. Robo saa nzima tulikuwa na bi mkubwa wa shughuli. Kisha moshi ukaisha. Sikuja hapa kuwauzia udi kama dawa. Hakupona, na kesho yake tulipofukiza tena hakusema kitu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na korona ya pili.

Mwaka 2021 niliugua, homa na kikohozi, siku kumi. Nikapona. Nikawa jikoni nimesimama mbele ya jiko, nimetia wali, nasoma ujumbe kwenye simu. Jirani akapiga kelele kutoka uani kwake: “Mwalimu, unachoma nyumba!” Nikafunua sufuria. Ukoko mweusi, moshi usoni, na puani hakuna kitu. Nilichukua kitunguu nikakikata. Macho yalitoa machozi, pua haikujua kwa nini. Nikachukua karafuu. Hakuna.

Virusi vile, kwa walio wengi, havikuua neva za kunusa zenyewe. Vilishambulia seli za jirani zinazozihudumia, na neva bila wahudumu ikazima. Ndiyo maana wengi ilirudi. Mimi ilikawia, na iliporudi ilirudi imepotoka: kahawa ya mtaani, niliyoipenda maisha yangu yote, ikanuka kama mpira unaoungua. Wenzangu niliowasimulia walicheka. Mjane mmoja tu hakucheka. Aliniambia tangu augue hasikii harufu ya mto wa marehemu mumewe, na kwamba amefiwa mara mbili.

Kuna mazoezi. Yalijaribiwa Dresden, Ujerumani, na daktari Thomas Hummel na wenzake, wakayachapisha mwaka 2009: harufu nne, waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Unanusa kila moja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Nilipoisoma orodha nilicheka peke yangu. Nusu yake ilikuwa tayari kabatini kwangu. Marashi nilikuwa nayo, majani ya mkalitusi nikaomba kwa mtu. Kila asubuhi nilikaa na vikopo vinne, hiki mnachopitishiana ni kimojawapo, nikavuta, nikajaribu kukumbuka ilivyokuwa. Mjukuu wangu alidhani bibi ameanza uganga. Limau lilitangulia. Karafuu ilikuja wiki ya tisa, kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Korogwe kwenye msiba. Tumepita Muheza, tunakaribia Hale, mkonge huku na huku. Nikaona abiria wa mbele wanavuta vioo. Dada aliyekaa pembeni yangu akajifunika mtandio mpaka machoni. Wakati huo mimi sijasikia kitu bado. Kisha ikaja.

Nilifungua dirisha langu lote. Konda akaja mbio: “Mama, funga, abiria wanalalamika harufu!” Nikamshika mkono, nikamwambia, mwanangu, subiri kidogo tupite. Akasimama pale, ameziba pua kwa kiganja, ananitazama nikiwa nimetoa kichwa nje na mwembe wangu upo palepale ukutani.

Asanteni. Kikopo nirudishieni.